Safari ya cheti cha mkutubi: Kutoka London hadi Kisii

Katika Kiswahili cha kale cha pwani, chuo kilikuwa kitabu. Mtu alifungua chuo, akasoma chuo, akamrithisha mwanawe vyuo. Ndiyo maana hadi leo msomi aliyebobea huitwa mwanachuoni, yaani mtu wa vitabu, hata kama hajawahi kukanyaga ua la chuo kikuu chochote. Baadaye neno likahama kutoka kwenye kitabu likaingia kwenye jengo ambamo vitabu husomwa, nacho kitabu, chenye asili ya Kiarabu, kikachukua nafasi yote iliyoachwa wazi.

Mkutubi naye ana safari yake. Kwa Kiarabu, kutubi ni muuza vitabu. Waswahili tulimchukua tukamtoa sokoni, tukamketisha maktabani. Kamusi zetu zinamweleza kuwa ni mtu anayesimamia maktaba, basi. Hazisemi amesoma nini, wapi, wala nani alimthibitisha. Ukiingia katika maktaba ya umma utakuta mtu nyuma ya kaunta, na kwenye barua yake ya ajira huenda ameandikwa mkutubi, mkutubi msaidizi, karani au mhudumu tu. Msomaji anayekuja kuazima kitabu hajali tofauti hizo. Mwenye kaunta anajali sana, kwa sababu mshahara na kupanda cheo hufuata jina hilo, na jina hufuata cheti.

Cheti nacho, kwa kudokeza tu, kimetoka Bara Hindi, ambako chitthi ni barua au kijikaratasi. Shahada ni ushahidi. Kwa hivyo tukisema mtu ana cheti au shahada, tunasema ana kikaratasi kinachomtolea ushahidi. Makala haya yanafuatilia kikaratasi hicho kilivyowafikia, au kilivyowapita, wahudumu wa maktaba katika nchi ya Abagusii, ambayo leo ni kaunti mbili, Kisii na Nyamira.

Tuanzie wakati ambapo hapakuwa na mkutubi wala maktaba ya umma huko. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa Nairobi mwaka 1931, lakini kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali za kikoloni ziliunda East African Literature Bureau, shirika lililochapisha vitabu kwa Kiswahili na lugha nyingine za eneo hili, na pia kuvisambaza. Vitabu vilipakiwa kwenye masanduku na kupelekwa mashuleni, kwenye misheni na kumbi za kijamii. Waliokaa mbali zaidi waliweza kuazima kwa posta. Sanduku likifika lilihitaji mtu wa kulitunza: kufungua, kuandika nani kachukua nini, kudai kilichochelewa. Kazi hiyo iliangukia mwalimu au karani, juu ya kazi zake nyingine, bila mafunzo na mara nyingi bila malipo ya ziada. Naona hapo ndipo mazoea yalipozaliwa ambayo hayajatuacha, kwamba kutunza vitabu ni kazi ya yeyote mwenye muda na mwandiko mzuri.

Kwingineko kazi hiyo ilikwisha kuwa taaluma. Uingereza ilikuwa na chama cha wakutubi tangu 1877, kikapewa hati ya kifalme mwaka 1898. Marekani, Melvil Dewey alifungua shule ya kwanza ya ukutubi katika Columbia College, New York, mwaka 1887. Mkazi wa Afrika Mashariki wa miaka ya hamsini aliyetaka kutambuliwa kama mkutubi hakuwa na njia ila kufanya mitihani ya chama kile cha London. Alisomea gizani, kwa barua, akijibu maswali kuhusu maktaba za miji ya Uingereza ambayo hajaiona. Kijana wa Nyamira angeanzia wapi?

Mabadiliko yalianza na ripoti ya Sydney Hockey ya mwaka 1960. Hockey alipendekeza kila nchi iwe na bodi moja ya maktaba kwa taifa zima, na eneo zima liwe na shule yake ya kufunza wakutubi. Mapendekezo hayo hayakuozea kabatini. Tanganyika ilipitisha sheria yake ya maktaba mwaka 1963, Uganda 1964, nayo Kenya ikaunda bodi ya Kenya National Library Service kwa sheria ya 1965. Shule ilifunguliwa Makerere mwaka 1963. Kwa mara ya kwanza Mkenya, Mganda na Mtanganyika waliweza kujifunza ukutubi katika chumba kimoja, na walimu waliojua kwamba maktaba ya Afrika si lazima iwe nakala ya ile ya Manchester.

Kwa mtu wa Kisii hiyo ilikuwa nafuu kubwa, ingawa si nafuu ya mlangoni. Kutoka mji wa Kisii hadi Kampala, kupitia Kisumu na Busia, ni zaidi ya kilomita 400. Aliyetoka alitoka kweli: aliiacha kazi, familia na shamba. Ila alikuwa na kitu ambacho mwenzake wa leo hana, na hapa naomba msomaji anifuate kwa makini. Nyuma yake palikuwa na mwajiri mmoja wa taifa zima. Bodi ya Nairobi ndiyo iliyoajiri wahudumu wa matawi, Kisii likiwa mojawapo, na yenyewe ilihitaji watu wenye vyeti. Ikimpeleka mtu masomoni ilijua kwamba akirudi, hata akihamishiwa Embu au Kakamega, bado ni wake. Fedha ya mafunzo haikupotea.

Kisha siasa ikaingia. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiligawanywa mwaka 1970, mwaka uliofuata Idi Amin akatwaa madaraka Uganda, na mwaka 1977 Jumuiya yenyewe ikavunjika. Shule ya Makerere haikufa. Mpaka leo ina neno Afrika Mashariki katika jina lake. Lakini Kenya haikuweza tena kuitegemea. Mwishoni mwa miaka ya sabini Kenya Polytechnic, sasa Technical University of Kenya, ilianza kufunza wahudumu wa maktaba jijini Nairobi. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilianzisha kitivo cha sayansi ya habari, na digrii ya taaluma hii ikapatikana Bonde la Ufa. Hatimaye kikaratasi kikafika Gusii penyewe. Chuo cha ualimu cha Kisii kilichofunguliwa mwaka 1965 kiligeuka bewa la Egerton mwaka 1994, kikawa chuo kikuu kishiriki mwaka 2007, na mwaka 2013 kikapewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Kisii. Taaluma ya maktaba na habari hufunzwa humo.

Ukiiangalia ramani hiyo, London, Kampala, Nairobi, Eldoret, Kisii, utadhani shida imekwisha. Cheti kimesogea kila mara karibu zaidi na mwenye kaunta, hadi sasa anaweza kukiendea kwa matatu na kurudi nyumbani jioni. Kumbe sivyo. Wanaofika darasani kwa wingi ni vijana waliotoka sekondari wakitafuta kazi. Aliyekwisha kuipata kazi, tuseme kwa miaka kumi na minane, bado yuko kaunta.

Na kazi yenyewe haikumngoja. Chukua jambo dogo tu, mahali pa kuweka kitabu. Katika mfumo wa Dewey, lugha zimepewa mia ya nne. Kiingereza kina 420 yake, Kijerumani 430, Kifaransa 440, kila mmoja nyumba nzima. Lugha za Afrika, karibu zote, zimesongamana ndani ya 496, kama abiria wa matatu siku ya soko. Kiswahili kimepata kiti cha 496.392. Riwaya ya Kiswahili nayo haikai hapo, iko kule 896.392, pamoja na tamthilia na diwani. Asiyefunzwa hupanga vyote pamoja kwa sababu vyote ni "vya Kiswahili", na mwanafunzi wa kidato cha tatu anayetafuta kitabu teule huambiwa hakipo, ilhali kipo rafu mbili tu mbele yake. Je, ebitabu vya Ekegusii viwekwe wapi? Historia ya ukoo, mkusanyiko wa methali, sarufi na nyimbo za dini, vyote kwa Ekegusii, vinaweza kuishia kwenye rafu nne tofauti. Uamuzi huo hufanywa na mtu wa kaunta, na akikosea, kitabu kimepotea ingawa hakijaibwa.

Halafu ikaja kompyuta. Kadi za katalogi zilizojaa droo za mbao ziliondoka, zikaja programu kama Koha, ambayo ilibuniwa kwa ajili ya maktaba za wilaya moja ya New Zealand mwaka 1999 na kutolewa bure kwa dunia nzima. Jina lake ni la Kimaori, maana yake zawadi. Zikaja pia hifadhidata za majarida, vitabu vya kidijitali, watoto wanaotaka vishikwambi na wazee wanaotaka kusaidiwa kujaza fomu za serikali mtandaoni. Aliyepata cheti mwaka 1985, hata kama ni cha halali na chenye muhuri unaong'aa, alifunzwa kazi ambayo haipo tena kwa sura ile. Hapa ndipo elimu endelevu inapohitajika, na hapa ndipo historia yetu ina pengo. Vyuo vyetu vya ukutubi vilijengwa kwa ajili ya anayeingia. Aliyemo hakufikiriwa sana.

Linganisha na muuguzi wa hospitali ya umma mjini Nyamira. Sheria inamtaka ahuishe leseni yake, na ili aihuishe lazima aonyeshe kwamba ameendelea kujifunza. Mhasibu pia ana chama kinachomhesabia saa za mafunzo kila mwaka. Wakutubi wa New Zealand walianza mpango wa usajili wa hiari mwaka 2007, ambapo aliyesajiliwa huthibitishwa upya kila baada ya miaka mitatu. Mkutubi wa Kenya ana chama, Kenya Library Association, kilichozaliwa mwaka 1973 baada ya kile cha Afrika Mashariki kugawanyika. Kiliwahi kuchapisha jarida lililoitwa Maktaba, na jina hilo pekee lafaa kutufurahisha sisi wapenzi wa lugha. Lakini chama ni cha hiari. Hakina nguvu za kisheria za kusajili, kuthibitisha wala kumzuia yeyote kuitwa mkutubi. Gavana akimweka mpwa wake kaunta kesho, hakuna baraza la taaluma litakalouliza cheti.

Nimemtaja gavana makusudi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliziweka maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti, mstari mmoja na majumba ya makumbusho. Nia ilikuwa njema. Mkazi wa Keroka, mji uliokaa mpakani mwa Kisii na Nyamira, ana haki ya kuidai maktaba kwa serikali iliyo karibu naye badala ya kuisubiri Nairobi. Ila kugatua maktaba kulikuwa pia kumgatua mwajiri. Kwa miaka kadhaa baada ya 2013 palikuwa na mvutano kati ya bodi ya taifa na kaunti mbalimbali nchini kuhusu majengo, wahudumu na nani alipe mishahara. Katika mvutano wa mishahara, mafunzo huwa ya mwisho kukumbukwa. Ule mnyororo wa zamani, bodi moja inayomsomesha mtu ikijua atabaki wake, ulikatika. Kaunti ndogo ikimsomesha mhudumu wake mmoja, naye akaenda kaunti jirani yenye mshahara bora, imepata hasara tupu. Sishangai kwamba nyingi huamua kutomsomesha.

Ipo njia nyingine ambayo inazungumzwa sana miaka hii. Sheria ya mfumo wa kitaifa wa sifa za masomo ya mwaka 2014 ilipanga vyeti vyote vya nchi katika ngazi kumi, cheti cha ufundi kikiwa ngazi ya 5, diploma ya 6, digrii ya 7. Mwaka 2024 serikali ikazindua sera ya kutambua ujuzi alioupata mtu nje ya darasa. Fundi wa mawe ambaye hajasoma anaweza kupimwa na kupewa cheti kinacholingana na anachokijua. Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi, na sasa dola imekubali kuyaandika hayo mengi kwenye karatasi. Mhudumu wa maktaba wa miaka kumi na minane ni mgombea halisi wa mpango huu. Anajua wasomaji wake kwa majina, anajua kitabu gani hakirudi na kwa nini. Asichokijua ni uainishaji na programu mpya, na hayo ndiyo angeongezewa kwa kozi fupi za jioni au za likizo, badala ya kurudishwa mwaka wa kwanza pamoja na watoto wa umri wa mwanawe.

Upimaji wa aina hiyo unahitaji kituo na walimu wa fani, nao wapo mjini Kisii. Unahitaji pia karo, na ruhusa ya kuacha kaunta saa chache kwa wiki bila kukatwa mshahara. Fungu la karo hupitishwa na bunge la kaunti kila Juni, ndani ya bajeti ambamo maktaba huwa mstari mmoja chini ya utamaduni na michezo. Barua ya ruhusa haihitaji bajeti. Huandikwa na mwajiri, kwa ukurasa mmoja.