Mihuri ya Mitutu ya Chidya

Nilifundisha hesabu, na hapa Chidya hiyo ilitosha kunifanya msomaji wa bunduki. Mtu alikuja na shotigani ya kurithi, akitaka kujua anunue risasi gani za kufukuzia nguruwe pori kwenye mihogo. Juu ya mtutu pana jina la duka tu, au maua ya urembo. Maandishi yenye maana yako chini, upande unaofichwa na mbao. Ukiufungua mtutu na kufuta grisi unakuta taji, herufi mbili tatu, na namba kama 12, 18.1 au 65. Mzee mmoja jirani yangu alisema ni kama nembo zilizochanjwa usoni mwa bibi yake: anayezijua hahitaji kuuliza mtu katoka wapi.

Tuanze na 12, maana ndiyo inayowasumbua wengi. Haikupimwa kwa rula. Chukua ratili moja ya Kiingereza ya madini ya risasi, yaani gramu 453.6, igawanye sehemu 12 sawa, kila sehemu uifanye goroli. Goroli hiyo ndiyo inayojaa mtutu wa namba 12, na kipenyo chake ni milimita 18.5. Ratili hiyohiyo ukiigawanya goroli 16, kila moja itakuwa na milimita 16.8, ukitoa goroli 20, milimita 15.6. Ndiyo maana namba ikipanda tundu hupungua. Namba 410 peke yake haimo katika ukoo huu. Hiyo ni sehemu za elfu za inchi, sawa na milimita 10.4.

Sasa ukikuta milimita badala ya namba, kuna njia fupi niliyowafundisha vijana wa Kidato cha Pili bila kuwaambia inahusu bunduki. Goroli ya ratili nzima ina kipenyo cha milimita 42.4. Gawanya 42.4 kwa milimita zilizogongwa kwenye mtutu, kisha tafuta kipeo cha tatu cha jibu. Kwa 16.8 utapata 16, na sehemu ndogo isiyo na maana. Kwa 18.1 utapata karibu 13. Hapo mwenye bunduki hushtuka, kwa sababu risasi za namba 13 hajaziona Masasi wala Mtwara. Asihangaike. Kipimo hicho ni cha tundu la mtutu lenyewe, ambalo Waingereza hulipima inchi 9 kutoka nyuma, na mafundi wengi walipenda kulibana kidogo. Risasi inachaguliwa kwa chemba, na chemba ina alama yake: kwenye bunduki ya Kiingereza ya zamani ni 12 na herufi C ndani ya umbo la almasi, kwenye ya Kijerumani ni namba ndani ya duara, mara nyingi 16.

Kuna namba moja ambayo sikuwahi kumwacha mtu aondoke bila kuielewa. Ni 65. Huo ni urefu wa chemba kwa milimita. Risasi za siku hizi za milimita 70 huingia humo vizuri kabisa, maana kabla ya kulipuliwa ganda lake limekunjwa mdomoni. Likifyatuliwa linajikunjua, linakosa nafasi, linabana njia ya marisau, na mkandamizo unapanda ndani ya chuma kilichopimwa kwa baruti ya zama nyingine.

Kupimwa ndiko chanzo cha mihuri yote. London ilikuwa na chama cha mafundi bunduki tangu 1637, na Birmingham ikapata nyumba yake ya majaribio kwa sheria ya 1813. Mtutu ulishindiliwa baruti kupita kiasi, ukafyatuliwa. Usipopasuka unagongwa taji. Liège, Ubelgiji, waligonga herufi ELG ndani ya umbo la yai, wakaandika tundu kwa milimita.

Liège ilitengeneza bunduki nyingi za bei nafuu za kuuzwa Afrika, na huku kwetu njia ilikuwa wazi: misafara ya Wayao ilishuka Lindi, Mikindani na Kilwa na pembe na watumwa, ikarudi na nguo, baruti na bunduki. Askofu Steere alipowaleta Masasi watumwa walioachwa huru mwaka 1876, aliwaweka kando ya njia hizo. Kisha likaja Azimio la Brussels la Julai 1890. Mataifa ya Ulaya yalikataza silaha bora kuingia eneo lote la Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini, wakaruhusu chini ya masharti gumegume lisilo na mifuo na baruti ya kawaida. Walisema wanazuia biashara ya watumwa. Mimi naona pia mwaka: ni huohuo ambao Machemba, mkuu wa Wayao kwenye uwanda wa Makonde, alimwandikia Wissmann, kamanda wa Wajerumani, kwa Kiswahili kwamba haoni sababu ya kumtii. Alidumu hadi 1899, Wajerumani walipomlazimisha kuvuka Ruvuma.

Lakini gobore, bunduki ya kienyeji iliyoundwa na wahunzi wetu, halina muhuri wowote. Wahunzi walipokosa mitutu ya nje walitumia bomba la maji. Bomba linaloitwa la nusu inchi lina tundu la milimita 16 hivi. Kwa hesabu yangu hiyo ni kati ya namba 18 na 19, na hakuna kiwanda kinachotoa risasi zake. Tena lina mshono uliochomelewa kwa ajili ya maji. Kijana mmoja aliniletea la marehemu babu yake, alilokuwa akilipeleka polisi kulisalimisha, akaniomba nimwandikie kwenye karatasi kuwa ni namba 12 ili lionekane la maana. Nilimwandikia milimita 16, bila muhuri, na chini yake nikaongeza kwamba lisifyatuliwe.