Tambi Zilipata Uraia

Ukifuatilia tamthilia za Kikorea, bakuli hili ushaliona. Mpelelezi hajalala siku mbili, anakula tambi zenye mchuzi mweusi tii juu ya meza iliyojaa mafaili. Familia imehama, maboksi hayajafunguliwa, wote wako sakafuni na tambi zile zile. Kuna hata siku yake: tarehe 14 Aprili, wasio na wapenzi huenda kuzila, wengine wakiwa wamevaa nguo nyeusi. Chakula chenyewe kinaitwa jajangmyeon. Zamani kilikuwa zawadi ya mtoto aliyemaliza shule. Leo ni cha mtu yeyote mwenye njaa na haraka. Si unajua vile chapati ilikuwa ya Krismasi, na sasa iko kwa kila kibanda? Ni hivyo.

Kilichonivuta mimi ni hiki: Wakorea wanakiona chakula hicho kuwa chao kabisa, lakini mikahawa inayokiuza wanaiita ya Kichina. Na Mchina wa Beijing akiwekewa bakuli hilo mbele yake, huenda akauliza ni kitu gani. Hapo katikati ndipo historia ilipo.

Nilikula langu Incheon, mji wa bandari magharibi mwa Seoul, katika mtaa wa Wachina ulio mkabala na stesheni ya treni. Mkahawa haukuwa na mbwembwe. Unaketi, unaagiza, na kabla hujazoea kiti chakula kimefika: tambi nene, juu yake mchuzi wa soya iliyochachushwa, uliokaangwa na vitunguu na vipande vya nyama ya nguruwe. Pembeni kuna kisahani cha achari ya figili ya manjano na vitunguu vibichi. Unachanganya haraka kabla tambi hazijashikana, halafu unasahau adabu, maana mchuzi huu lazima ukupake mdomo. Ni mtamu kidogo, na chumvi inafuata nyuma. Nikiwa katikati ya bakuli nikaanza kuhesabu ni nchi ngapi zilikuwa pale mezani.

Ya kwanza ni Uchina. Mwaka 1882 wanajeshi waliasi Seoul, na utawala wa Qing wa Uchina ukatuma jeshi lake kuzima fujo. Nyuma ya jeshi wakaja wafanyabiashara. Bandari ya Incheon ikafunguliwa mwaka 1883, na mwaka uliofuata Wachina wakatengewa eneo lao mjini humo. Wengi walitoka mkoa wa Shandong, ng'ambo tu ya Bahari ya Njano. Kulikuwa na matajiri wa hariri na kulikuwa na mahamali, na wote walikuja na chakula cha kwao: zhajiangmian, tambi zenye mchuzi wa soya uliokaangwa, wenye chumvi nyingi na rangi ya kahawia.

Wengi husimulia kwamba jajangmyeon ilizaliwa katika mkahawa mmoja wa Incheon, Gonghwachun, uliopewa jina hilo baada ya Uchina kuwa jamhuri mwaka 1912. Mimi hadithi za namna hiyo nazichukua polepole. Chakula cha watu wa bandarini hakina cheti cha kuzaliwa.

Nchi ya pili ni Japani. Iliitawala Korea kuanzia 1910 hadi 1945, na ile achari ya figili ya manjano ni yake. Katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1931, magazeti ya Korea yalitangaza habari zilizotiwa chumvi kuhusu ugomvi wa wakulima wa Kikorea na wa Kichina huko Manchuria. Makundi ya watu yakavamia maduka na nyumba za Wachina. Waliouawa walikuwa zaidi ya 100, na maelfu wakarudi kwao. Waliobaki waliendelea kupika.

Nchi ya tatu ni Marekani. Baada ya Vita vya Korea vya 1950 hadi 1953, mchele ulikuwa adimu na ngano ya msaada ikamiminika kutoka Marekani. Miaka ya 1960 na 1970 serikali iliwasukuma watu wale ngano, hata kukawa na siku ambazo mikahawa ilikatazwa kuuza wali. Nani alikuwa na tambi tayari? Wale wapishi wa Kichina. Biashara yao na Uchina ilikuwa imekatika baada ya Wakomunisti kushika nchi mwaka 1949, kwa hiyo jiko ndilo lililobaki. Mchuzi nao ukabadilika: viwanda vikaanza kutia sukari iliyounguzwa, ukawa mweusi na mtamu, ukakubaliana na mdomo wa Mkorea. Chakula kikawa cha wafanyakazi wa viwandani na ofisini, kinaletwa mlangoni ndani ya sanduku la chuma, na vyombo unavirudisha nje vije kuchukuliwa.

Nchi ya nne ni Korea yenyewe, na hapa ndipo tonge lilinikwama. Miaka ile ile ambayo taifa lilikuwa likizipenda tambi hizi, liliwabana waliozipika. Sheria ya mwaka 1961 iliwazuia wageni kumiliki ardhi bila kibali. Baadaye ikalegezwa kidogo, lakini kwa vipimo vya nyumba moja na duka dogo. Bei ya bakuli nayo ilidhibitiwa na serikali. Na "wageni" hao ni nani? Ni watu waliozaliwa Incheon na Seoul, wanaongea Kikorea, wana pasipoti ya Taiwan ambako wengi wao hawajawahi kuishi, na babu zao walitoka Shandong. Miaka ya 1970 wengi walifunga virago wakaenda Taiwan na Marekani. Mikahawa mingi ikachukuliwa na Wakorea. Gonghwachun nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Haki ya ukaazi wa kudumu ilikuja mwaka 2002. Mwaka 2006 wakaazi hao wakapiga kura kwa mara ya kwanza, katika uchaguzi wa serikali za mitaa. Mwaka huo huo, jengo la Gonghwachun liliandikishwa kuwa urithi wa taifa, na jajangmyeon ikawekwa na serikali katika orodha ya alama 100 za utamaduni wa Korea. Yaani bakuli lilitambuliwa kuwa la Kikorea mwaka ule ule ambao mpishi aliruhusiwa kumchagua meya. Leo jengo hilo ni makumbusho ya jajangmyeon, tangu 2012.

Tusiwacheke Wakorea. Sisi pia, mwaka 1967, tulipitisha sheria za uhamiaji na leseni za biashara zilizowafanya maelfu ya Wahindi wenye pasipoti za Uingereza kuondoka Kenya. Tuliwauliza karatasi zao. Chapati hatukuiuliza chochote, na hadi leo tukiwa ughaibuni tunaitaja kama chakula cha nyumbani. Ni cha nyumbani kweli. Lakini waliokileta pia walikuwa na nyumba hapa.