Kipimo cha Mita Moja: Tawi la Ubungo juu ya Meza ya Kariakoo

Mtu akisikia kwamba watu wazima wamekaa miaka mitatu wakijenga reli ya mezani, yaani njia ya treni iliyo ndogo mara 100 kuliko ile ya kweli, aghalabu hucheka. Kicheko chake kina sababu. Katika mitaa ya Kariakoo gari dogo ni kazi ya watoto: waya, kopo la maziwa, vifuniko vinne vya chupa, na gari limekwisha. Hata Ulaya mchezo huu ulianza kwa watoto. Mwaka 1891 kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha huko Leipzig treni za kuchezea ambazo njia zake zilikuwa za upana uliopangwa, hata mtoto aliyepata kipande leo aliweza kukiunga na kipande atakachopewa mwakani. Na mwaka 1920 Frank Hornby wa Liverpool akaanza kuuza treni zake. Baadaye baba za watoto waliona utamu wa mchezo wakauchukua wao. Waingereza walipenda hasa kuunda matawi ya reli kuliko njia kuu, kwa kuwa tawi lina kichwa kimoja cha treni, mabehewa mawili matatu, na stesheni inayoenea chumbani. Kisha ikaja ripoti ya Richard Beeching ya mwaka 1963, matawi mengi ya nchi ile yakafungwa, na meza zile zikageuka kuwa ukumbusho wa vitu visivyokuwapo tena.

Mimi sikuingia katika kazi hii kwa mapenzi ya mchezo. Niliingia kwa sababu ya ugomvi wa kihistoria, na ugomvi wenyewe ndio ninaotaka kuueleza hapa.

Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914. Hayo yamo katika kila kitabu. Tawi ambalo tumeliunda sisi halimo katika vitabu vingi. Ni njia fupi inayoiacha njia kuu upande wa Buguruni, ikapita Tabata na Mabibo, ikaishia Ubungo Maziwa, mahali palipopewa jina na kiwanda cha maziwa. Ilikuwa njia ya mizigo ya viwandani, wala haikuwa na sifa yoyote, mpaka tarehe 29 Oktoba 2012 ilipoanza kubeba abiria wa mjini asubuhi na jioni, na watu wakaiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Matawi ya Waingereza yaliundwa juu ya meza yalipokuwa yakifa. Hili letu lilipata abiria wake wa kila siku likiwa limekwisha zeeka.

Jambo la kwanza ambalo mjenzi hulazimika kuamua ni mwaka. Mwandishi wa historia aweza kusema "zamani" au "katika siku za ukoloni", na msomaji akaridhika. Mjenzi hana ruhusa hiyo, kwa maana akitia mlingoti mmoja wa umeme mahali pasipokuwa na umeme amesema uongo, na uongo wake utaonekana kila siku. Tulipofikiri mwanzo wa mwaka 1914, tuliona kwamba hata jina la Kariakoo ingetupasa kulifuta, kwani jina hilo lilitokana na kambi ya jeshi la wapagazi, Carrier Corps, ambayo Waingereza waliiweka hapa baada ya kuuteka mji mwezi Septemba 1916. Na tukisema tuunde mwaka 1917, swali linakuwa zito zaidi: watu wale walibebeshwa mizigo vichwani kwa sababu reli haikufika kila mahali ambako vita vilifika, na Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walivunja madaraja ya ile iliyokuwapo. Hao wangesimama wapi juu ya meza ya reli? Mwezi Septemba 1947 treni yetu ingelazimika kusimama, maana mgomo ulioanza kwa makuli wa bandarini Dar es Salaam ulipanda na reli mpaka bara. Mwishowe tulichagua mwezi Novemba 2012, nami ndiye niliyeusimamia uchaguzi huo kwa ukaidi.

Tulikuwa watu watatu katika chumba kimoja cha Mtaa wa Narung'ombe. Wa pili alikuwa kijana fundi bati wa Gerezani. Wa tatu alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya kutengeneza njia, ambaye kwa miaka mingi alitembea kwa miguu juu ya mataruma, nyundo begani, akigonga na kukaza. Mzee huyo hakuutaka mwaka 2012. Yeye alitaka siku zake za kazi, njia ilipokuwa safi, kokoto zimepangwa, mifereji imezibuliwa. "Mwanangu," aliniambia, "njia ikiota majani, nyapara hana uso wa kuonyesha." Nilimjibu kwamba majani ya mwaka 2012 ni ushahidi vilevile. Alinyamaza siku mbili. Kisha akakubali kwa sharti moja: majani yawe pale tu yalipokuwa, wala tusiyatie kwa ajili ya urembo.

Skeli tuliichagua kwa urahisi wa hesabu. Upana wa reli zetu za zamani ni mita 1 kamili, basi katika 1:100 ni sentimita 1. Lakini urahisi huo una adhabu yake, kwa sababu kila kilomita ya kweli inadai mita 10 za meza, na chumba chetu kilitupa mita 6 tu kwa kuzungusha kona. Tukagawa: mita 3 za Kamata na ukingo wa Gerezani, mita 3 za Buguruni kwa Mnyamani, na katikati treni inapotea nyuma ya safu ya maduka ya karatasi. Kila aliyekuja kutazama aliuliza soko liko wapi. Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli iliyofunguliwa mwaka 1975, ni jengo ambalo kila mjenzi angelitamani, pamoja na mapaa yake ya zege yaliyofunguka kama miavuli iliyopinduliwa ili kukinga mvua. Lilipoungua Julai 2021 hamu ya watu ya kuliona juu ya meza yetu ilizidi. Hatukulitia. Liko mbali na reli. Kulivuta hadi njiani kungelipendeza jicho na kuharibu mji. Kariakoo yetu inaonekana kwa migongo ya maghorofa yake, kwa mikokoteni inayongoja treni ipite pale Kamata, na kwa magunia.

Vifaa vyote vilitoka katika mitaa ya jirani, na hapa msomaji aniwie radhi nikikaa kidogo. Reli za kwanza tulizifanya kwa spoki za baiskeli. Mzee alipoziona alicheka mpaka akakaa chini: spoki ina unene wa milimita 2, basi katika skeli yetu ilikuwa reli yenye kimo cha sentimita 20, na reli ya kweli ya njia ile haifiki hata 15. Tukatafuta waya mwembamba zaidi, tukaulehemu juu ya mataruma yapata 850 yaliyokatwa kwa makopo na kupindwa mmoja mmoja kama mfereji uliofudikizwa, kwa kuwa mataruma ya mbao ni chakula cha mchwa, na kwa hiyo Wajerumani walitandika ya chuma tangu mwanzo. Kokoto ni chenga zilizopepetwa mara tatu. Miembe ni dodoki lililotiwa rangi; nyasi kavu ni makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Mabati ya mapaa tuliyapata kwa kukandamiza karatasi ya fedha ya pakiti za sigara juu ya meno ya kichana, na kutu yake ni kutu ya kweli, iliyotokana na misumari iliyolazwa katika siki. Mota ilitoka katika mashine ya kuchezea santuri iliyokwisha kufa. Mabehewa aliyafanya kijana wa Gerezani kwa macho tu, bila rula, na yalikuwa sawa.

Ugumu ulianza tulipofika Buguruni. Michoro ya reli, kwa desturi yake, huonyesha kila kalvati, kila daraja, kila mahali pa kubadilishia njia. Lakini kando ya njia, ndani ya eneo la hifadhi, ni weupe mtupu. Kwa mujibu wa michoro hapana mtu. Nasi sote tulijua kwamba katika mwaka tuliouchagua palikuwa na nyumba, vibanda, majiko ya vitumbua, kamba za nguo, na watoto. Sehemu kubwa ya hivyo ilibomolewa baadaye, katika miaka ya ujenzi wa reli mpya ya kisasa, ulioanza mwaka 2017. Reli hiyo, ambayo tangu Juni 2024 inachukua abiria kwenda Morogoro na tangu Julai mwaka huohuo kwenda Dodoma, inatoka mjini juu ya nguzo za zege, na upana wake ni milimita 1,435. Sisemi kwamba haikustahili kujengwa. Mimi mwenyewe nimeipanda na kuifurahia. Nasema kwamba aliyekaa ndani ya hifadhi hakuandikwa kokote isipokuwa ukutani kwake, kwa alama ya X ya rangi nyekundu, na ukuta ulipoanguka na maandishi yake yakaanguka.

Nilimwomba mzee akumbuke. Yeye alipita pale miaka mingi, na angeweza kuyataja makalvati yote kwa mpango akiwa amefumba macho. Nyumba hakuweza kukumbuka hata moja. Hakuwa mtu mwenye dharau. Kazi yake ilimtaka atazame chini. Ndipo tukamtafuta mama mmoja aliyekuwa akiuza vitumbua kando ya njia, ambaye nyumba yake ilibomolewa akahamia Chanika. Huyo alizitaja nyumba kumi na moja, vyumba vya kila moja, na nani alikuwa na choo cha kudumu na nani cha magunia. Kalvati lililokuwa hatua chache kutoka mlangoni kwake hakulikumbuka. Nikaona kwamba nina maktaba mbili, kila moja na rafu zilizo tupu pale ambapo ya pili imejaa.

Mama huyo alikuwa na picha ya arusi ya bintiye. Bibi arusi amesimama upande wa kushoto. Nyuma yake njia inakwenda moja kwa moja mbali na mpiga picha, na upande wa kulia inaonekana pembe ya nyumba yenyewe, bati na tofali. Kijana ndiye aliyeona lile ambalo mimi mwenye kusoma sikuliona. Reli mbili, alisema, popote zilipo ni mita 1, basi picha hii ina rula ndani yake. Ni kweli, ingawa yataka uangalifu: rula hiyo inasema kweli tu juu ya kitu kilicho mkabala na mahali unapoipimia, maana kila kinachokwenda mbali hupungua, na reli nazo hupungua pamoja nacho. Tukapima mkabala na pembe ya nyumba. Reli kwa reli ilikuwa milimita 4. Kutoka reli ya karibu hadi ukutani, milimita 13. Mita 3 na robo. Tulimpigia mama simu bila kumwambia hesabu yetu, tukamwuliza palikuwa na umbali gani kutoka kwenye reli hadi ukutani kwake. Akasema hatua nne, tena za mtu aliyebeba beseni.

Kwa njia hiyo, kwa picha za arusi, za maulidi na moja ya timu ya mpira, tumeziweka mahali pake nyumba saba kati ya zile kumi na moja. Nne hazina picha. Tumeziweka kwa neno la mama, na tumeziacha bila rangi ili mtazamaji ajue tofauti. Najua kwamba wapo wenzangu watakaosema huu si ushahidi unaotosha. Hesabu yetu yaweza kukosea kwa nusu mita, nami nakiri hivyo. Lakini mchoro unaoonyesha weupe umekosea kwa nyumba nzima.

Tulijaribu treni kwa mara ya kwanza usiku wa Jumamosi. Ilitoka Kamata vizuri, ikapotea nyuma ya maduka ya karatasi, ikatokea Buguruni, na pale kwenye nyumba ya mama pembe ya behewa la kwanza ikagonga ukingo wa bati, treni ikasimama. Behewa la kweli huzidi reli kwa chini ya mita 1 kila upande. Halikuwa na njia ya kufika ukutani. Kijana akasema jambo ni jepesi, gundi haijakauka, tuirudishe nyumba nyuma kidogo. Mzee hakumjibu. Alichukua picha, akachukua rula, akapima njia yetu kutoka ukingo wa meza, na kumbe tulikuwa tumeipinda kwa sentimita 2 kuelekea nyumbani. Akavaa miwani, akawasha chuma cha kulehemu, akaanza kuyang'oa mataruma, moja moja, kutoka kwenye kalvati.