Chetambe Si Mahali pa Kusaka Skrapu

Wasee wa Bungoma na Kitale, tuongee kuhusu hii mambo ya ditekta. Video mmeziona: mtu ng'ambo anazunguka kwa bustani ya zamani iliyoachwa, mashine inalia, anachimba, anatoa sarafu ya mfalme fulani. Iko poa. Sasa wengine wanauliza, mbona tusipande na hiyo mashine Chetambe?

Mimi nasema hapana, na ngoja niwaambie kwa nini.

Chetambe ni kile kilima kilicho juu ya mji wa Webuye. Mwaka 1895, Wabukusu waliposhindwa kule Lumboka, wengi walikimbilia ngome iliyokuwa hapo. C. W. Hobley akawafuata na askari Wasudani na washirika wao, wakiwa na bunduki ya rashasha. Watu wengi waliuawa. Kwa hivyo kabla ya yote, pale ni makaburi.

Halafu fikiria hivi. Ripoti za vita ziliandikwa na upande wa Hobley. Upande wa Wabukusu ulibaki midomoni mwa wazee. Shahidi wa tatu ni udongo wenyewe, na manze, huyo bado hajamaliza kuongea.

Kule Little Bighorn, Marekani, Wahindi Wekundu walimshinda Custer mwaka 1876. Mwaka 1983 moto uliteketeza nyasi za uwanja huo, na mwaka uliofuata wanaakiolojia wakaingia na ditekta. Kila risasi na kila ganda waliweka alama palipolala kabla ya kukiokota. Kwa alama hizo walifuata bunduki moja moja ilivyosogea, na mambo mengi waliyokuwa wamesimulia wapiganaji wa Kihindi yakaonekana ni kweli. Ganda likiwa mfukoni mwako ni skrapu tu. Likiwa mahali pake, linaonyesha mpigaji alisimama wapi.

Sheria nayo iko. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale, na kukisaka bila leseni ni kosa, hata kama hujachimba shimo refu.

Na je, ukilima shambani jembe ligonge kitu? Usikivute wala kukigonga, maana risasi nzee bado inaweza kulipuka. Piga picha, weka alama mahali, wazuie watoto. Kikifanana na risasi au bomu, ita polisi. Kikiwa kitu kingine cha kale, peleka habari Makumbusho ya Kitale. Hayo yalianza na mkusanyo wa mlowezi mmoja, Stoneham, na tangu 1974 ni ya umma, yaani yetu.

Kama una hamu ya kusaka kitu wikendi hii, acha ditekta. Beba simu, tafuta mzee anayejua habari za Chetambe, umrekodi. Kilima hakiendi popote. Mzee naye hatakuwa nasi milele.