Gari kuukuu likaguliwe kabla ya kutoka Mweiga kwenda Mombasa

GARI lililozeeka huweza kumhudumia mwenyewe huko Mweiga kwa miaka mingi bila kuonyesha udhaifu wake. Huenda mjini Nyeri na kurejea, mwendo wa muda mfupi katika baridi ya Aberdare, kisha injini huzimwa kabla ya kutaabika.

Safari ya Mombasa ni mtihani wa namna nyingine. Ni takriban kilomita 650, kupitia Karatina, Thika na Nairobi, kisha nyanda za joto za Kibwezi, Mtito Andei na Voi. Injini hufanya kazi kwa saa nyingi mfululizo, na kasoro iliyofichwa na baridi ya mlimani hujitokeza huko, pengine usiku, jamaa nzima ikiwa ndani.

Kwa hivyo ukaguzi ufanywe wiki mbili kabla, wala si mkesha wa safari. Hata kipuri kipya huweza kuwa na hitilafu.

Maji ya injini

Mahali palipo mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi za Selsiasi. Kifuniko cha rejeta ndicho huyabana yasichemke mapema. Mpira wake ukichakaa, maji hupungua polepole. Mipira ya maji ibonyezwe injini ikiwa baridi, na iliyovimba au kupasuka ibadilishwe. Rejeta isafishwe matope na vumbi.

Baadhi ya mafundi huondoa thamostati wakidhani wameponya joto. Dawa hiyo huficha tu rejeta iliyoziba. Tena injini hukosa joto lake la kawaida nyakati za baridi na kula mafuta zaidi.

Breki

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miaka miwili. Yakipata moto kwenye mteremko mrefu, unyevu huo hugeuka mvuke. Dereva hukanyaga, kanyagio likazama, na gari lisisimame. Ndiyo maana dereva hodari huteremka kwa gia ndogo badala ya kutegemea breki pekee.

Magurudumu

Ubavuni mwa tairi mna tarakimu nne. 2318, kwa mfano, humaanisha juma la 23 la mwaka 2018. Mpira huzeeka hata meno yakiwa marefu, na gurudumu la akiba mara nyingi ndilo kongwe kuliko yote. Upepo upimwe asubuhi, kabla gari halijatembea.

Mnyororo au mkanda

Injini ya petroli ya Peugeot 504, gari lililoshinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na 1978, huendesha vali zake kwa mnyororo. Toyota Corolla nyingi za miaka ya 1990 hutumia mkanda wa mpira. Mkanda huo ukikatika njiani, injini huzimika papo hapo. Aliyenunua gari bila kumbukumbu za matengenezo achukulie kwamba haujawahi kubadilishwa.

Safari ya majaribio

Wiki moja kabla ya safari, gari liendeshwe hadi Nyahururu na kurudi, likiwa na mzigo kama utakaobebwa. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa imepoa, maji na oili vipimwe. Vikiwa vimepungua, pana mahali vinapotokea, nako sharti kupatikane. Kuongeza tu si kutengeneza.

Jeki, vibao vya pembetatu vya tahadhari na maji ya akiba visisahaulike, na rejeta yenye moto isifunguliwe kamwe.

Gari likishindwa na jaribio hilo, libaki nyumbani. Basi zipo, na tangu mwaka 2017 treni ya Madaraka Express huwasafirisha abiria kutoka Nairobi hadi Mombasa. Nauli ya jamaa nzima ni nafuu kuliko injini iliyoungua, sembuse uhai.