Meneja wa Duka la Ushirika

Ndugu wanafunzi wa zamani, na ninyi vijana mlioko madarasani,

Tumemzika mwenzetu, meneja mstaafu wa duka la ushirika. Hakuwa waziri wala balozi. Lakini historia ya nchi yetu ilipita juu ya kaunta yake, ndiyo maana naomba nafasi katika gazeti letu.

Vijana hamkuiona foleni ya sukari. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, biashara kubwa ya kuagiza bidhaa ilishikwa na dola. Baadaye kila mkoa ukapata kampuni yake ya biashara, tuliyoiita RTC. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka: maduka mengi ya watu binafsi yakafungwa ili ya ushirika yashike nafasi. Haraka ile ilileta adha, na Serikali ikaisimamisha. Kisha shida zikafuatana: Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 vikala fedha za kigeni, bei ya mafuta ya petroli ikapanda. Viwanda vikakosa vipuri. Sukari, sabuni, mafuta ya kula na khanga vikaadimika. Watu walipanga mawe na makopo tangu alfajiri kushika nafasi zao.

Siku hizo meneja wa duka alikuwa mtu mkubwa. Gari la RTC liliposhusha magunia, nusu ya mji ilikuwa ndugu zake. Mgao ulikwenda kwa orodha ya kaya, lakini wengi waliujua mlango wa nyuma.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilimwendea jioni nikitaka kilo kumi za sukari kwa arusi ya mdogo wangu. Tulilala bweni moja, tukala sahani moja. Alifungua daftari, akanionyesha jina langu: kilo mbili. "Kesho saa mbili, ndugu yangu, kwenye foleni." Niliondoka bila kuaga, na kwa miaka mingi hatukusalimiana. Baadaye mkewe alinieleza kwamba wiki ile nyumbani kwao walikunywa chai bila sukari.

Machi 1983, wakati wa Waziri Mkuu Edward Sokoine, ulianza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Wengine walitupa bidhaa vichakani usiku. Yeye alilala. Wakaguzi walihesabu magunia yake, wakalinganisha na leja, wakaenda zao. Mwaka 1984 Serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, maduka binafsi yakajaa tena, na lake likafifia. Alistaafu na baiskeli aliyoanzia nayo.

Uzeeni nilimwomba radhi. Alicheka. "Kilo zako mbili zilikungoja hadi jioni," akasema, "ndipo nikampa aliyefuata."

Vijana, kesho ninyi ndio mtakaoshika funguo za ghala. Mkumbukeni.

Mungu ailaze roho yake mahali pema peponi. Amina.