Udongo Kama Ushahidi wa Mabadiliko ya Mazingira: Funzo la Milima ya Irangi, Kondoa

Utangulizi

Ripoti nyingi za mazingira katika nchi za tropiki hufuata njia moja: huchotwa udongo wa juu, hupimwa mboji, uchachu na virutubisho, kisha hutolewa hukumu kwamba ardhi imechoka, na aliyeichosha ni mkulima au mfugaji wa leo. Makala hii inadai kuwa hukumu hiyo mara nyingi hutolewa mapema mno. Sifa ya udongo huwa kiashiria cha mabadiliko pale tu mtafiti anapojua mambo mawili: sampuli imetoka sehemu gani ya mteremko, na sifa inayopimwa hubadilika kwa kasi gani.

Nafasi kwenye mteremko

Jambo la kwanza lilibainishwa hapa hapa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, alieleza kwamba udongo wa kilimani, wa ubavuni na wa bondeni hufuatana kwa mpangilio mmoja, aliouita katena. Maji hushuka na chembe laini pamoja na chumvichumvi. Juu hubaki mchanga, chini hujikusanya mfinyanzi. Wakulima wa Usukumani huutambua mpangilio huo kwa majina yao wenyewe: luseni mlimani, itogolo chini yake, na mbuga nyeusi inayopasuka kiangazi. Basi mtu akipima luseni leo na mbuga baada ya miaka kumi, atapata tofauti kubwa ya mfinyanzi, ilhali kilichobadilika ni mahali alipochimba tu.

Kasi ya kila sifa

Jambo la pili ni kasi. Nitrati hupanda ghafla mvua za kwanza zinapolowesha udongo mkavu, kisha hupungua kadiri zinavyoendelea. Mtafiti H. F. Birch alilichunguza jambo hilo kwa kina akiwa Muguga, Kenya, katika miaka ya 1950. Kipimo cha nitrati hueleza msimu, si zama. Kaboni ya mboji husogea kwa miaka na miongo, hivyo ndiyo yenye manufaa zaidi kwa kufuatilia ufyekaji wa misitu. Oksidi za chuma, zinazoupa udongo wekundu wake, ni kazi ya maelfu ya miaka. Wekundu peke yake hauthibitishi kwamba shamba limeharibiwa jana.

Hata kaboni huhitaji tahadhari. Uwiano wa isotopu zake hukaribia -27 kwa elfu kwa miti ya msituni, na -12 kwa nyasi za tropiki, kwa hiyo hutumika kuonyesha msitu ulipogeuka mbuga ya nyasi. Lakini mahindi na mtama huacha alama ileile ya nyasi. Bila mabaki ya mkaa au historia ya makazi, shamba la kale huweza kusomwa kama uwanda wa asili.

Kondoa

Hukumu ya mapema ya aina hiyo ilitolewa Kondoa. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO), na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la Kondoa lenye zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Makorongo yalionekana, ng'ombe walionekana, na sababu ikachukuliwa kuwa imepatikana. Baadaye watafiti walipima umri wa mashapo yaliyojikusanya chini ya miteremko ya Haubi, katika Milima ya Irangi, kwa mbinu inayokadiria ni lini chembe za kwatzi zilipigwa na jua mara ya mwisho. Walikuta vipindi viwili vya mmomonyoko: kimoja cha zaidi ya miaka 11,000 iliyopita, hali ya hewa ilipobadilika, kingine ndani ya miaka elfu moja ya karibuni, kilichoanza muda mrefu kabla ya ukoloni.

Huenda mtu akapinga kwamba vichaka na nyasi vilirudi haraka baada ya mifugo kuondoka, kwa hiyo mifugo ndiyo iliyokuwa na hatia. Ni kweli mifugo ilizuia uoto kurudi. Hata hivyo, uoto ni kiashiria cha haraka. Tabaka la juu lililokwisha kusombwa halirudi katika umri wa binadamu, na palipobaki changarawe, kijani cha juu hakimaanishi kwamba rutuba imerejea. Aliyeyapima majani peke yake angetangaza ushindi. Aliyechimba shimo asingethubutu.

Hitimisho

Kila ufuatiliaji wa udongo utaje nafasi kwenye mteremko, kina na msimu, na uoanishe sifa inayobadilika upesi na inayobadilika polepole. Pia tuzitumie kumbukumbu tulizo nazo: maelezo ya udongo aliyoandika Milne katika safari yake ya Tanganyika ya 1935 hadi 1936 yalichapishwa mwaka 1947, na yanaweza kuwa msingi wa kulinganisha. Kabla ya kuwahamisha watu au mifugo yao kwa jina la udongo, wataalamu na serikali wachimbe kwanza hadi tabaka la chini.